Viboko vya Kwendea Ulaya

Msomaji, nchi ninayoisimulia hapa huijui. Ukifika katikati ukadhani unaijua, jua umekosea, na wazo hilo ulifute upesi kabla mtu hajakuona ukiliwaza. Inaitwa Jamhuri Tulivu. Ina mito miwili, treni moja, na Rais mmoja ambaye cheo chake kamili ni Mtulivu Mkuu. Polisi kwetu hatuna. Tuna Watulizaji. Mtulizaji hapigi mtu, anamtuliza. Ukisikia fulani katulizwa mguu, ujue mguu umevunjika. Ukisikia katulizwa kabisa, nenda na sanda.

Mimi nilikuwa karani wa mihuri katika Idara ya Wanafunzi Waendao Ulaya. Ilikuwa ofisi nzuri, yenye feni. Nasema haya mapema ili usije ukadhani nasimulia ya kuokota njiani. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona nilielezwa na Koplo Sadala, mtu asiyejua kutia chumvi.

Idara ilianzishwa kwa sababu ya kijana mmoja aliyepelekwa Ulaya kusomea kilimo cha vitunguu. Alikaa wiki mbili tu, kisha akasimama mbele ya darasa na kusema kwamba kwao mtu akiuliza bei ya sukari kwa sauti kubwa anapigwa. Maneno yakafika Ikulu. Mtulivu Mkuu akaagiza kijana atulizwe mara moja, na hapo ndipo serikali ilipogundua jambo la kusikitisha sana: rungu lina urefu wa futi tatu tu, na Ulaya ni mbali.

Bunge lilikaa siku moja likapitisha Sheria ya Adhabu ya Awali. Kwa kifupi, sheria ilisema hivi: kwa kuwa kila mwanafunzi akifika Ulaya ataisema vibaya nchi yake, na kwa kuwa akiwa huko hapigiki, basi apigwe kabla hajaondoka. Hata wabunge wa upinzani waliisifu, yaani wale waliokuwa wamebakiwa na meno ya kusifia.

*

Sasa palikuwa na binti mmoja wa Mtaa wa Maganda, jina lake Semeni Kigwasi, mwenye umri wa miaka ishirini. Baba yake, Mzee Kigwasi, alikuwa fundi seremala aliyechonga magongo ya kutembelea, na kwa jinsi nchi yetu ilivyo tulivu, hakuwahi kukosa wateja. Mama yake, Bi Nyanjige, alikuwa mganga wa kuunga mifupa. Watu walibebwa kwa mikokoteni hadi kwa mama, wakaungwa, kisha wakavuka ua hadi kwa baba wakachukua gongo.

Semeni alianza kumshikia mama yake vitambaa akiwa na miaka kumi. Kufikia kumi na tano alikuwa anaweza kurudisha kiwiko kilichoteguka huku akimwuliza mgonjwa habari za watoto wake. Lakini kulikuwa na mifupa ambayo Bi Nyanjige hakuiweza, ile iliyosagwa ikawa kama chenga za mchele. Jirani yao mmoja, mama muuza maandazi, aliletwa na goti la namna hiyo. Bi Nyanjige alilipapasa, akamfunika shuka. Mguu ulikatwa. Semeni aliona mama yake akienda nyuma ya nyumba na kukaa juu ya ndoo, mikono imelala mapajani, kama mtu aliyefutwa kazi.

"Kuna watu wanaoweza kuunga goti kama lile?" Semeni aliuliza.

"Wapo. Ulaya wanatia vyuma," mama yake akajibu.

Tangu siku hiyo binti alijua anachokitaka. Alisoma kama mtu anayefukuzwa. Aliandika barua kwa vyuo vikuu kumi na vinne vya Ulaya. Kumi na viwili havikujibu, kimoja kilimjibu kwa kumpa pole, na kimoja, katika nchi fulani ya theluji, kilimwandikia mwezi wa saba kwamba amekubaliwa kusomea udaktari, na kwamba watamlipia kila kitu. Sharti lilikuwa moja tu: afike kabla ya tarehe mosi mwezi wa tisa. Akichelewa hata siku moja, nafasi itapewa mwingine.

Majirani walikuja kumpongeza. Kwetu mtu anayekwenda Ulaya anaambiwa "hongera na pole" kwa pamoja, na zawadi anazoletewa ni mafuta ya mgando, dawa ya kuchua, na mto wa kulalia kifudifudi. Semeni alipata mito mitatu.

Mto wa nne aliuleta Yoramu. Huyu alikuwa kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwao, aliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Yeye pia alikuwa amekubaliwa Ulaya, akasomee ujenzi wa madaraja. Yoramu alikuwa mtu wa maandalizi. Alinunua koti zito la mtumba lenye manyoya shingoni, akawa analivaa saa saba mchana ili azoee baridi. Watoto walimfuata wakipiga makofi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye viatu, naye alitembea nalo tu, akirudia kwa lugha ya kigeni: "Samahani, maktaba iko wapi?"

"Utakufa na joto kabla hujafika kwenye hiyo baridi," Semeni alimwambia.

"Sifi mimi," Yoramu akasema. "Daraja la Mto Mkavu limeanguka mara tatu. Nikifa nani atalijenga?"

*

Walifika kwetu Idarani pamoja, Jumanne asubuhi, wiki mbili kabla ya tarehe ya safari. Niliwapa Fomu Namba Tisa. Ni fomu ya kurasa sita, lakini swali la maana ni moja: Unakusudia kuisema nchi yako vibaya kwa jambo gani? Chini yake kuna visanduku vya kuweka alama: njaa, rushwa, uchaguzi, Watulizaji, uso wa Mtulivu Mkuu, mengineyo.

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Bupamba, alikuwa ndiye anayekadiria adhabu. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye leso ya hariri, asiyeweza kutazama damu. Wakati wa kupiga alikuwa anageukia dirishani.

Alimwita Semeni kwanza.

"Binti, hujaweka alama hata moja."

"Sikusudii kusema lolote, Mheshimiwa. Nakwenda kusoma."

"Wote husema hivyo. Huo ni uongo, na uongo ni viboko kumi." Akaandika. "Unasomea nini?"

"Udaktari."

"Ah, vizuri. Madaktari hawasemi sana. Wa sheria ndio wana midomo, hao tunawapa hamsini. Wa uandishi wa habari ndio hatujabahatika. Tumewahudumia wanne, na mpaka leo hakuna aliyefika uwanja wa ndege." Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Udaktari wa nini?"

"Wa mifupa."

Mheshimiwa akaweka kalamu chini.

"Mifupa! Sasa mwalimu wako akikuuliza, binti, mfupa uliovunjika uliuona wapi kwa mara ya kwanza, utamjibu nini?"

Semeni akanyamaza.

"Umeona? Hapo tayari umeshatutukana. Ishirini vya mifupa, kumi vya uongo. Thelathini. Anayefuata!"

Yoramu aliandikiwa arobaini. Alikuwa ameweka alama kwenye "mengineyo" na kuandika kwa mwandiko safi: Daraja la Mto Mkavu.

Ukumbi wa adhabu ulikuwa nyuma ya ofisi yangu. Palikuwa na benchi, bendera, na picha ya Mtulivu Mkuu akitabasamu. Mheshimiwa alisimama mbele yao akatoa hotuba anayoitoa kila mara, nami niliijua kwa moyo.

"Wapendwa wasomi wetu! Mataifa mengine huwapa vijana wao chakula cha njiani. Chakula huisha. Sisi tunawapa kumbukumbu, isiyoisha. Kila mkikaa kwenye viti vya Ulaya, mtatukumbuka. Na kila mkikumbuka, mtakaa kwa adabu. Koplo, anza."

Koplo Sadala alikuwa na mkono wa kuume mnene kama mchi. Katika kazi hiyo alikuwa na mwenzake mmoja tu, lakini huyo serikali ilikuwa imempeleka Ulaya kwa shahada ya pili ya utulizaji, kwa hiyo Sadala alibaki peke yake na foleni yote.

Yoramu alikuwa amekuja na koti lake. Nadhani alitumaini lingesaidia. Aliambiwa alivue. Alilikunja vizuri, akampa Semeni amshikie, akalala juu ya benchi.

Nilihesabu mimi, maana mwenye muhuri ndiye mwenye hesabu. Mpaka kumi Yoramu alikuwa akirudia maneno ya kigeni, samahani, maktaba iko wapi. Baada ya kumi na tano ngozi ilifunguka. Baada ya ishirini alianza kumwita Koplo "mjomba". Mjomba, inatosha. Mjomba, nakuomba. Damu iliruka ikafika kwenye fremu ya picha, na Mheshimiwa, akiwa amegeukia dirisha, akauliza kama mvua imeanza. Baada ya thelathini na tano kijana hakuita mtu tena. Semeni alikuwa amelikumbatia lile koti, amelitia mdomoni.

"Arobaini," nikasema.

Yoramu alikuwa bado anapumua. Nilimwona mbavu zikipanda na kushuka.

"Na kimoja cha njiani," akasema Mheshimiwa, bila kugeuka.

Koplo Sadala alisita. Kisha akanyanyua mkono juu kabisa na kushusha kwa nguvu zake zote, kama mtu anayetaka jambo liishe. Nikasikia vishindo viwili. Cha kwanza kilikuwa mgongo wa Yoramu. Cha pili kilikuwa bega la Koplo, lililochomoka mahali pake likabaki linaning'inia.

Semeni alikuwa wa kwanza kufika kwenye benchi. Alimgeuza Yoramu, akaweka sikio kifuani, akambonyeza kifua kwa viganja vyote viwili, akambonyeza tena na tena mpaka nguo yake ikalowa damu hadi viwikoni. Kisha akaacha. Akamfunika kwa koti.

Mheshimiwa Bupamba aliitazama fomu, kwa kuwa mwili hakuweza kuutazama.

"Amekamilisha?" akaniuliza.

"Amekamilisha, Mheshimiwa, na kimoja zaidi."

"Basi anastahili. Sisi hatudhulumu mtu. Mpige muhuri."

Nikampiga muhuri: AMERUHUSIWA KUSAFIRI. Pale pa maelezo aliniamuru niandike kwamba mwombaji amesafiri kabla ya tarehe. Kesho yake nilimpelekea mama yake pasipoti yenye picha ya Yoramu akiwa amevaa koti. Mama aliipokea kwa mikono miwili, maana kwetu kupokea kitu cha serikali kwa mkono mmoja ni kosa.

*

Lakini bado tulikuwa Jumanne, na Semeni alikuwa hajapigwa.

Koplo Sadala alikuwa ameketi sakafuni, uso umemgeuka rangi ya majivu, ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Mheshimiwa alizunguka akijifuta kwa leso. Ghafla akasimama.

"Binti! Si umeandika humu kwamba mama yako anaunga mifupa? Na wewe wajua?"

"Najua," Semeni akasema.

"Vizuri sana. Mrudishe bega Koplo, ili aweze kukupiga."

Nakuapia, msomaji, alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi.

Semeni alipiga magoti mbele ya Koplo. Mikono yake ilikuwa bado na damu ya Yoramu. Alilishika lile bega, akalipapasa, na akajua papo hapo namna ya kulirudisha: kuvuta, kuzungusha, kusukuma, hata pumzi tatu haziishi. Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba mfupa haujui ni wa nani, unajua kuuma tu.

Hapo Koplo Sadala akainama, kama mtu anayeugulia, akamnong'oneza. Niliyasikia kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu.

"Usilirudishe, mwanangu."

Semeni akamtazama.

"Likirudi nitakupiga, na mimi kupiga kidogo sijui. Yule kijana ameniita mjomba. Nakuomba. Liache hivi hivi. Liharibu kabisa."

Koplo aliniambia baadaye kwamba aliona macho ya binti yakijaa hasira, na hasira ile haikuwa ya kumkatalia. Ilikuwa hasira ya mtu anayeombwa huruma na yule aliyemuulia rafiki. Angeweza kulirudisha ili tu amwadhibu. Angeweza kulivunja ili tu amwadhibu. Alikaa hivyo kwa muda, vidole vimezama katika nyama ya bega lile, kisha akazungusha kinyume. Kitu kikakatika ndani. Koplo akatoa ukelele mmoja na kuzimia, na mkono ule haujanyanyuka tena mpaka leo.

"Limekataa," Semeni akasema, akasimama. Koplo ndiye mtu wa kwanza ambaye Semeni alimharibu badala ya kumponya.

Mheshimiwa Bupamba alitazama saa yake, akatazama foleni nje, akatazama kiboko kilichoanguka. Kisha akavua koti lake la suti, akavua pete, akapandisha mikono ya shati.

"Kazi ya taifa haisubiri," akasema. "Karani, hesabu."

Msomaji, mtu asiyejua kupiga ni mbaya kuliko anayejua. Anayejua anapiga pale pale. Mheshimiwa alipiga akiwa amefumba macho, kwa ajili ya damu. Alimpiga Semeni mgongoni, shingoni, kisogoni, kwenye visigino, akalipiga benchi, akaipiga bendera. Semeni hakumwita mtu mjomba. Alikuwa anahesabu na mimi, kwa sauti ya chini, meno yameuma ubao. Katika cha kumi na tisa kiboko kilikuwa kinakuja usoni, naye akainua mkono wa kuume kujikinga. Nilisikia vidole vikivunjika. Vililia kama njiti za kiberiti.

Mheshimiwa alipumzika hapo akanywa soda. Kisha akaendelea.

Na sasa niungame. Baada ya ishirini na tatu nilisema ishirini na sita. Si vingi. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nimefanya kazi ya serikali miaka kumi na minane na hesabu zangu hazijawahi kupotea.

*

Bi Nyanjige alivifunga vidole vya mwanawe kwa vijiti, akavinyoosha kimoja kimoja. Alipomaliza akasema:

"Vitatu vitapona. Viwili havitakunja tena. Anza leo kuzoea mkono wa kushoto."

"Madaktari wa mkono mmoja wapo, mama?"

"Sijui. Kamwone huyo mwalimu wako wa theluji umwulize."

Ilibaki viza tu. Semeni alikwenda kwenye ubalozi wa nchi ile, mkono umefungwa, mdomo umevimba, anatembea kama mtu aliyebeba kioo mgongoni. Alihudumiwa na mama mmoja wa Kizungu, mzuri wa maneno, aliyejifunza Kiswahili vizuri.

"Pole sana, dada. Umepatwa na nini?"

"Nimepigwa. Ndio utaratibu wetu wa kusafiri."

"Masikini! Ni jambo baya kabisa." Yule mama aliandika. Machozi yalimlengalenga. "Na ukirudi hapa baada ya masomo, unaweza kupigwa tena?"

Semeni alikuwa amelelewa kusema kweli. "Naweza," akasema.

Yule mama akaweka kalamu chini kwa huzuni kubwa.

"Basi, dada yangu, viza siwezi kukupa. Sheria zetu zinataka mwanafunzi athibitishe kwamba atarudi kwao. Kwa majeraha haya, mtu yeyote mwenye akili hawezi kuamini kwamba utarudi."

"Nisingepigwa nisingeruhusiwa kuondoka."

"Naelewa kabisa."

"Na kwa kuwa nimepigwa, siruhusiwi kuingia."

"Umelieleza vizuri kuliko mimi." Akampa karatasi. "Niletee ushahidi wa kitu kinachokuvuta urudi. Nyumba, mume, mtoto, mzazi anayekutegemea. Siku saba."

Semeni alirudi kwetu Idarani kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kwenda. Mheshimiwa aliisoma ile karatasi, uso ukamchangamka.

"Kivutio! Wanataka kivutio! Mbona huduma hiyo tunayo, binti! Unatuachia mzazi mmoja, tunamweka gerezani, ukirudi tunamfungua. Hakuna mtu atakayesema huna kinachokuvuta. Wazungu wanaikubali sana hati yetu, ina muhuri wa dhahabu."

Nyumbani kwa Mzee Kigwasi palichafuka siku hiyo. Bi Nyanjige alirusha kinu.

"Mwanangu amekwisha pigwa! Mtoto wa watu amezikwa! Sasa wanataka na mume?"

"Siendi tena," Semeni akasema. "Baba, siendi. Nitabaki nifunge mifupa na mama."

Mzee Kigwasi alikuwa anapiga randa gongo. Hakuacha.

"Mama yako amefunga mifupa miaka thelathini," akasema. "Mimi nimechonga magongo miaka thelathini. Hebu niambieni, waliopungua ni wangapi?"

Akapuliza vumbi la mbao.

"Nitakwenda mimi. Mama yako ana mikono inayohitajiwa na mtaa mzima. Magongo hata gerezani yatahitajika."

"Baba, wakikufanya kitu?"

"Watanifanya, mwanangu. Hata nikikaa hapa watanifanya." Akalijaribu gongo sakafuni, akaliona limenyooka. "Ila sikia. Ukifika huko, ukiulizwa, usinifikirie."

"Nitakufikiria."

"Basi nifikirie. Lakini useme."

*

Aliondoka tarehe ishirini na tisa mwezi wa nane. Siku hiyo hiyo baba yake aliingia katika gereza tunaloliita Nyumba ya Vivutio. Mlinzi wake alikuwa Koplo Sadala, kwa maana mlinzi hahitaji kunyanyua mkono, anahitaji kushika funguo tu, na serikali yetu haimtupi mtu. Hawakuwa marafiki. Mzee alijua Koplo ni nani, na Koplo alijua kwamba anajua. Lakini Koplo alikuwa na redio ndogo, naye hakuwahi kuizima Mzee alipokuwa akisikiliza.

Barua za Semeni zilikuja zikiwa zimefutwafutwa kwa wino, nami ndiye niliyezifuta. Aliandika kwamba theluji ni kimya. Aliandika kwamba anajifunza kushona ngozi ya nguruwe kwa mkono wa kushoto, na kwamba mwalimu wake, mzee mwenye kigugumizi, anakaa naye kila Ijumaa baada ya masomo mpaka mshono unyooke. Aliandika kwamba wenzake wanamwuliza vidole vimefanya nini, naye huwaambia ni mlango. Neno "mlango" nililiacha.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Alhamisi saa kumi alasiri, redio moja ya huko Ulaya inayotangaza kwa lugha yetu ilisema kwamba leo ina mgeni, mwanafunzi wa udaktari. Koplo alikuwa amekaa nje ya nondo. Mzee alikuwa anachonga.

"Naitwa Semeni Kigwasi," redio ikasema. "Vidole vyangu havikubanwa na mlango."

Mzee akaweka kisu chini.

Alianza na Yoramu. Alitaja koti, akataja daraja, akataja viboko arobaini na kimoja cha njiani. Alitaja jina la Mheshimiwa Bupamba na mtaa anaokaa. Alisema kwamba alimharibu mtu bega na kwamba hajui mpaka leo kama alitenda jema. Alimtaja karani aliyeruka hesabu. Nilikuwa ofisini, redio iko mezani kwa Mheshimiwa, nami nikajifanya napanga mihuri.

Mheshimiwa Bupamba alinyakua simu akapiga gerezani. Nilimsikia vizuri.

"Mpigeni mpaka anyamaze!"

Mkuu wa gereza alijibu kitu.

"Nini, nani anyamaze? Najua kwamba baba yuko kimya! Mpigeni baba mpaka binti anyamaze!"

Watulizaji wanne waliingia seli. Koplo Sadala aliambiwa afungue, akafungua. Mzee Kigwasi aliwatazama, akatazama redio iliyokuwa juu ya kiti nje ya mlango, na neno alilosema, Koplo aliniapia kwa watoto wake, lilikuwa hili:

"Ongeza sauti, bwana, hawa wana kelele."

Koplo akaongeza sauti kwa mkono wa kushoto.

Walimpiga kwa marungu na kwa magongo aliyoyachonga mwenyewe. Walimvunja mkono, wakamvunja mbavu, na kila wakisimama kusikiliza kama binti amenyamaza, binti alikuwa anaendelea. Mmoja wao alipiga kelele kuiambia redio kwamba ikome. Walimpiga mpaka wakalowa jasho wao wenyewe, wakaketi ukutani wanahema, na kwa kuwa walikuwa wameketi na hawana la kufanya, wakawa wanasikiliza. Sasa Semeni alikuwa anaeleza namna goti lililosagika linavyoungwa kwa vyuma, taratibu, kipande kwa kipande, akimtajia mama yake hewani jina la kila kifaa. Nusu saa ilipokwisha mtangazaji alimshukuru.

Wakatoka bila kutazamana. Koplo aliingia na maji katika kopo. Alidhani Mzee amekwenda. Lakini Mzee alifungua jicho moja, lile lililobaki la kufunguka.

"Sadala," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Kipindi hiki kina marudio?"

"Kina, Mzee. Kesho, saa nne asubuhi."

"Uniamshe."

Bi Nyanjige aliruhusiwa kuingia alfajiri, kwa kuwa daktari wa gereza alisema maiti si kazi yake. Alimfunga mumewe mkono na mbavu, naye hakutoka. Koplo anasema kwamba asubuhi hiyo, saa nne kasoro dakika tano, hakuhitaji kumwamsha mtu. Mzee alikuwa amekaa, ameegemezwa kifuani kwa mkewe, macho kwenye redio. Na si yeye tu. Kutoka seli ya kwanza hadi ya mwisho, wafungwa na walinzi, hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeburura mnyororo. Walikuwa wanamsubiri Semeni aanze.